Mvuje Kwenye Maharage ya Ukweni

Jambo hili nimelificha mpaka wanangu wamekuwa watu wazima, na hata sasa nikilisimulia uso unaniwaka moto, lakini kwa kuwa mmeniuliza kwa nini kwenye harusi ya jirani nilisimama mbele ya sahani na kutangaza habari za tumbo langu kwa watu wasionijua, basi kaeni niwaambie, mcheke nikimaliza.

Mimi tumbo langu si zima tangu usichana. Leo limejaa gesi, kesho linaharisha, keshokutwa limefunga na halifunguki siku nne, na hospitali walinipima kila kitu (choo, mkojo, damu, na maswali ya aibu juu yake) wakaniambia sina minyoo wala vidonda, niende zangu nyumbani. Aliyenisaidia ni mama mmoja wa Kihindi pale Tunduma, mwenye duka la vitambaa, nami nilikuwa nashona barazani kwake miaka ile reli inajengwa. Tulimwita Ba. Ba alikuwa na elimu ya tiba ya kwao Bara Hindi, mwenyewe akiiita ayurveda, na tiba yenyewe haikuwa vidonge, ilikuwa amri tupu: amka kabla ya jua, kunywa maji ya moto yenye tangawizi, kula saa zilezile kila siku, mlo mkubwa uwe wa mchana, kiporo marufuku, pilipili marufuku, usile ukiwa na hasira, ukimaliza kula tembea kidogo. Tumbo likichafuka, kula mseto laini wa mchele na choroko na mtindi mwembamba wenye binzari. Na maharage, kama huna budi, yatie mvuje, ule utomvu mkavu unaonuka vibaya, kipande kidogo tu, ndio unaovunja gesi. (Wangu nilikuwa naufunga kwenye kitambaa cheusi, masalio ya suruali za wateja, nakaza kwa uzi mara tatu, maana ukiuacha wazi duka zima linakimbiwa.) Nilifuata amri zile mwaka mzima. Sikupona, nisiwadanganye, lakini tulikuwa tunaelewana, mimi na tumbo langu.

Ndipo Yohana akaja kuposa. Yohana alikuwa utingo wa lori linalokwenda Zambia, mtu mpole, anacheka kabla hujamaliza kumwambia jambo, na mimi nilimpenda, niseme wazi. Kwao ni Hasamba, wakulima wa kahawa, na ikatakiwa kabla ya harusi niende nikakae siku chache, nipike, nilime, wanione.

Siku ya kwanza tu, tukiwa tunachambua maharage, mama mkwe akanipa habari za jirani yao ambaye mkwe wake alikuwa mtu wa kuugua kila mwezi. Akasema, "Wale hawakuoa, waliletewa mgonjwa wamuuguze." Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anapiga soga. Lakini mimi nilikata shauri palepale kwamba habari za tumbo langu hazitasikika katika nyumba ile. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo, wala sikuufikiria mara mbili.

Basi jioni nikala ugali wa ulezi uliopoa na maharage ya kiporo yenye pilipili, nikasifia. Asubuhi nikaletewa togwa la baridi, nikasifia. Kufika siku ya pili tumbo linaongea peke yake, nami nakimbilia chooni nyuma ya migomba nikisingizia kuokota kuni (mama mkwe alishangaa mtu gani anaokota kuni mara nane na anarudi mikono mitupu).

Siku ya tatu akaja mgeni, dereva wa Yohana, Mwislamu mmoja wa Tanga, mstaarabu sana, na nikaambiwa leo utapika peke yako, maharage na ugali. Nikasema afadhali, nitatia mvuje kidogo, niokoe tumbo langu na hakuna atakayejua. Nimesimama juu ya chungu, kifurushi mkononi, ndio nafungua uzi, mama mkwe huyo anaingia kuchukua chumvi. Nilishtuka, kifurushi kikaniponyoka, kikazama. Na yeye badala ya kutoka akavuta kigoda akakaa, akaanza kunisimulia ukoo wao wote, mimi nakoroga na kukoroga nikikitafuta kwa mwiko na sikipati, mpaka akainuka akapakua mwenyewe.

Nilikuwa nimepiga magoti nimeshika birika la kunawishia, baba mkwe ndio kwanza anachovya tonge lake la pili, akatoka na kitu cheusi kimefungwa uzi mara tatu, kinachuruzika mchuzi. Akakiweka kwenye ukingo wa sahani. Yule dereva akainama akanusa, na bila ubaya wowote, kama mtu anayesaidia, akasema huu ni mvuje, kwetu Tanga wanaufukiza kufukuza mashetani.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Akaniuliza, "Binti, hiki ni nini?"

Jamani, maneno yalikuwa matatu tu: dawa ya tumbo. Ningeyasema wangecheka, pengine wangeniona mgonjwa, pengine wasingenioa, basi. Mimi nikasema, "Alinifungia mama. Sijui kilichomo."

Yohana akaacha kula. Akaniambia taratibu, "Mlikuwa mnanifunga kwa uchawi wa nini? Si nilikuja mwenyewe?" Kisha akatoka nje, na huo ndio mwisho wa mimi kuisikia sauti yake.

Wazee wakamtuma mtu kwa mama. Mama akaja kwa basi, kisha kwa miguu kutoka barabara kuu, amevaa khanga yake ya kanisani kwa kuwa alidhani anaitiwa mambo ya harusi. Akakalishwa katikati, kile kifurushi kikawekwa mbele yake, kimeshakauka, akaulizwa kama ndiye aliyekifunga. Mama hajawahi kuona mvuje maishani mwake. Akanitazama. Alinitazama muda mrefu, akinipa nafasi, nami nilitazama miguu yangu. Akawageukia wazee akasema, "Ndiyo, ni mimi. Binti hajui lolote, msimlaumu."

Posa ikavunjika hapohapo. Njiani nilitembea nyuma yake nikingoja anigombeze, anipige hata kofi, ningeshukuru. Tulipofika barabarani ndipo akaniuliza, "Tumbo lako limetulia?"

Habari ilifika nyumbani kabla yetu, kwani malori yanakwenda mbio kuliko miguu. Wanawake wakaacha kumwazima mama chungu, kwenye misiba wakawa wanamwambia apumzike, watapika wao. Aliishi hivyo mpaka alipozikwa na hakuniuliza hata siku moja kilikuwa nini.

Ndiyo maana sasa nikikaribishwa popote nasema kabla sijanawa mikono: mimi mgonjwa wa tumbo, kiporo sili, pilipili sili, na hiki kifurushi ni dawa yangu, nuseni. Watu wanacheka, nami nacheka nao. Lakini kule Hasamba, ambako ndiko nilikotakiwa kuyasema, sijakwenda. Nauli ninayo, njia naijua, na kila mwaka nasema mwaka huu.