Msemaji Aliyebaki Garini

Dada yake alinipigia simu asubuhi na kuniuliza kwanza kama nimekula. Hapo nikajua kuna kifo, kwa sababu dada huyo haamini kwamba mtu anafaa kupewa habari mbaya akiwa na njaa. "Kaka ametuacha," akasema. "Nimemkuta kwenye gari." Mtu mwingine angedhani ni ajali. Lakini gari lenyewe lilikuwa limesimama karibu na lango lao, juu kidogo ya Kibwezi, kwa muda mrefu hivi kwamba majani yalikuwa yameota katikati ya magurudumu. Alifariki akiwa ameketi nyuma ya usukani, kioo kimeteremshwa, mahali alipokuwa akishinda kila siku.

Wengi wa wasomaji wangu, kutoka Kibwezi hadi Kitui mjini, walimfahamu kuanzia kifuani kwenda juu. Ugonjwa wa kupooza ulimnyang'anya miguu akiwa mtoto, na mpaka alipokuwa mtu mzima alipelekwa kanisani na sokoni kwa wilbaro. Aliwahi kuniambia kwamba tatizo la wilbaro si kutikisika. "Ukifika kwa wilbaro, watu wanauliza uwekwe wapi. Hawakuulizi unaonaje." Aliuza mbuzi kwa miaka mingi, akapata gari dogo kuukuu, na fundi wa kuchomelea akamfungia vyuma viwili kando ya usukani ili aweze kuongeza mafuta na kupiga breki kwa mkono. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza awekwe wapi. Baada ya muda akawa msemaji katika mazungumzo ya ndoa, na familia zilimgombania kwa sababu alikuwa na maneno na hakuwahi kuchelewa.

Mimi nilimjua tulipopeleka ntheo, yaani mbuzi wa uchumba, upande wa Mutomo kwa niaba ya binamu yangu. Wenyeji walikuwa wamepanga viti sebuleni, na mlango wao ulikuwa na ngazi. Vijana wetu wakajitolea kumbeba, naye akakataa. "Nikiingia nimebebwa, nitaanza mazungumzo nikiwa nimeshindwa." Akaingiza gari uani polepole, kuku wakatawanyika, akalisimamisha pua ikikaribia kugusa ngazi. Mjomba wa msichana akatoka, akalitazama gari, kisha akamtazama yeye.

"Sasa mzee, mmekuja kuomba msichana ama mmekuja kutuuzia gari?"

"Gari haliuzwi, mkwe. Nimelileta lijue njia. Litakuwa likipita hapa sana."

"Na usiposhuka, heshima yako tutaiona wapi?"

"Heshima yangu iko mdomoni. Leta kiti hapa uisikie."

Kiti kikaletwa, halafu vingine, na sebule yote ikahamia uani. Shangazi wa msichana akampitishia kikombe cha chai dirishani, akisema, "Usimwage kwa kiti cha gari, tutalaumiwa mpaka siku ya harusi." Kufikia jioni tulikuwa tumekubaliana, na yule mjomba alikuwa ameegemeza kiwiko chake kwenye mlango wa gari kama lake.

Tukirudi, nikiwa nimetoka chuo kikuu juzi na bado nimejaa mihadhara, nilimweleza kwamba gari ni miguu yake, kwamba kila mashine ni kiungo cha mwili kilichorefushwa. Akacheka. "Miguu yangu ndiyo hii, iangalie. Na miguu haiishiwi mafuta ikifika mji wa Salama." Nilidhani anafanya mzaha. Leo naona alikuwa akikataa nadharia yangu, na hakukosea. Gari halikumrefushia miguu. Lilimrefushia sauti. Akili aliyokuwa nayo kwenye wilbaro ndiyo aliyokuwa nayo kwenye usukani, maneno yalikuwa yale yale, ila sasa yalikuwa yakifika mbele ya watu yakiwa na mwenyewe, naye akiwa ameamua saa ya kuja na saa ya kuondoka. Tunapohesabu faida za gari huwa tunataja mwendo na mizigo. Ni nadra kutaja hili, kwamba tunamsikiliza zaidi mtu aliyejileta kuliko mtu aliyeletwa. Sijui kama hiyo ni sifa ya gari au ni aibu yetu.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Siku moja karibu na Malili nusura amgonge mama aliyekuwa akivuka barabara na beseni la matunda. Mama alipita salama, lakini yeye alirudi nyumbani akampa dada yake ufunguo bila kuulizwa. Nilikuwepo. "Nimewazungukia watu wote," alituambia. "Sasa zamu yao. Kwangu wanapajua." Nikamwambia watakuja. "Unasema hivyo kwa sababu umesoma," akaniuliza, "ama kwa sababu umeona?"

Hawakuja. Simu zililia kwa wiki kadhaa, na waliposikia haendeshi tena wakasema watatafuta siku. Mazungumzo ya ndoa yakapata wasemaji wengine. Ndipo akaanza kuomba asaidiwe kuingia garini asubuhi, langoni pale, mahali ambapo watu walizoea kumkuta na kuzungumza naye. Nilipomtembelea niliketi kando yake. Wapita njia walimwona ameshika usukani, wakapunga mkono. "Safari njema, mzee." Naye akajibu, "Asante." Wakapita. Nikamuuliza kwa nini asiwaambie haendi popote.

"Nikiwaambia watasimama kwa huruma," alisema. "Mimi nataka wasimame kwa mazungumzo."

Husemwa kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Tunaitamka methali hii kana kwamba ni sheria ya maumbile, kama mvua kukosa kunyesha. Nadhani inaeleza tu uvivu wetu. Yeye alikuwepo, kwenye barabara tunayoijua wote, na lake lilikuwepo.

Siku ya mazishi magari yalijaa kando ya njia ya mchanga mpaka karibu na lami. Yalitoka Kitui, yakavuka mto Athi, na mengine yalitoka upande wa Malili. Yule mjomba wa Mutomo alikuja na lake. Watu walisifu jinsi marehemu alivyokuwa akifika popote, na walikuwa wakweli. Nilisimama nyuma ya turubai nikiyatazama magari hayo na kujaribu kuwatafutia wenyewe kisingizio. Umbali haukufaa, wala barabara. Gari limetuongezea uwezo wa kufika. Sababu ya kwenda halikutuongezea, na tumesahau kwamba hiyo ilibidi tuitafute wenyewe, kila mtu kwa moyo wake, kabla hatujaitiwa jeneza.

Dada yake amebaki peke yake katika boma lile. Hakuwahi kujifunza kuendesha. Jumamosi nitaenda huko, sina kazi yoyote ya kunipeleka, na nitakaa mpaka maneno yatuishie.