Amina ya Shilingi Kumi

Mama yangu, Drusilla Bochaberi, hajawahi kuchezea simu hata sekunde moja, na yeyote anayesema alijitakia mwenyewe aje hapa Keroka, dukani kwangu, anieleze tukitazamana.

Huyu ni mwanamke aliyeiunganisha familia nzima kwa kredo ya shilingi hamsini kwa juma. Watoto tuko wanne, na kila mmoja alikuwa na laini ya bei nafuu aliyochaguliwa na Mama. Kila Jumapili alitusambazia kumi kumi, akabaki na kumi yake. Sheria nazo zilikuwa zake. Flashi moja, yaani kupiga na kukata kabla hajapokea: nimefika salama. Mbili: nipigie ukipata nafasi. Tatu: kuna shida, acha unachofanya. Ukipiga, unasalimu, unasema, unakata. Siku ndugu yangu Bosire alipoanza kumweleza habari za mvua ya Nakuru, Mama alimwambia, "Mvua hata hapa Manga iko," akamkatia. Tulimcheka, lakini hakuna aliyewahi kukosekana akitafutwa.

Mwaka huu kredo yake ikaanza kuyeyuka. Ananunua ya ishirini asubuhi, kufikia jioni hana kitu. Na kwa kuwa mimi ndimi ninayeuza kredo, lawama ikanishukia mimi.

"Sheila, wewe unauzia watu kredo imeoza?" aliniuliza siku moja, mbele ya wateja.

"Mama, kredo haiozi."

"Basi inaenda wapi? Nimepigia nani?"

Nilikasirika. Mimi, ninayelala na vitabu vya hesabu ili mtu asinidai hata senti, niitwe mwizi na mama mzazi! Akaanza kununua kredo kwa jirani yangu, akipita mlangoni pangu bila kugeuza shingo. Nami sikumsemesha. Tulikaa hivyo wiki sita, kila mmoja amejaa kiburi.

Wakati huo Tata, baba yetu Ishmael, alikuwa amefungwa na mtoto wa jicho. Ni mzee wa kanisa la Wasabato, na kwa miaka thelathini alikuwa akisoma Biblia kila alfajiri kabla ya kuchuma chai. Sasa herufi zilikuwa ukungu mtupu. Aliacha hata kuifungua, akawa anaishika tu magotini. Ndipo tukasikia kwamba madaktari wa macho watakuja Nyamira kwa siku moja, upasuaji bila malipo, na Tata akaandikwa kwenye orodha. Muuguzi alisema atapiga simu Ijumaa. Kama hatampata mtu, mgonjwa mwenyewe apige kabla ya saa sita kuthibitisha, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Mama hakucheza na jambo hilo. Alhamisi alinunua kredo ya hamsini, akatangaza kwamba hiyo ni ya macho na hataigusa hata kwa flashi. Ijumaa asubuhi muuguzi alipiga, lakini mtandao wa kule mlimani ukakatika kabla hawajaelewana. Mama akapanda hadi kwenye mwinuko ambako simu hushika vizuri, akabonyeza namba. Akaambiwa hana salio la kutosha.

Hata kuflashi hakuweza, maana laini tupu haiiti. Akanitumia ule ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe. Akanitumia tena. Akanitumia mara tano.

Niliuona. Naandika hili kwa aibu, lakini naandika. Niliuona nikasema moyoni, anataka kunitukana tena na mara hii kwa kredo yangu. Nikailaza simu kifudifudi, nikaendelea na foleni ya wateja. Nilimpigia saa kumi jioni. Nafasi ya Tata ilikuwa imepewa mtu mwingine, na madaktari hawarudi mpaka mwaka ujao.

Jumapili nilipanda Manga. Sikusalimu sana. Nilimwomba Mama ile kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, nikaketi nayo nyuma ya jiko, nikafungua jumbe. Zilikuwa nyingi, zote kutoka namba moja fupi. Aya ya Biblia, kisha: "Jibu AMINA upokee baraka." Na chini ya kila aya, jibu la mama yangu: AMINA. Ijumaa ile peke yake ziliingia aya tano kabla ya saa tatu. Amina tano, shilingi kumi kila moja. Hamsini ya macho yote.

"Mama, nani alikuambia ujibu?"

"Baba yako. Mimi namsomea, yeye anasema nijibu." Alinitazama kama ninayeuliza upumbavu. "Neno la Mungu likisomwa, mtu ananyamaza?"

Nani kwetu ananyamaza? Nyumbani kwetu hata mtoto wa miaka miwili akisikia aya huitikia. Na hao mabwana wenye ile namba fupi walijua! Walikaa mahali na kahawa yao, wakahesabu vizuri kwamba wazee hawawezi kuacha aya bila amina, wakaiwekea bei. Nilipigia kampuni ya jumbe hizo, namba yao nikaitafuta nusu saa nzima. Kijana akanijibu kwa sauti laini.

"Madam, mteja mwenyewe alikubali. Amejibu kila mara."

"Amejibu amina!"

"Ndiyo, madam. Hiyo ndiyo kukubali."

Nilimwambia maneno ambayo binti wa mzee wa kanisa hasemi siku yoyote ya juma. Mama alisikia yote, wala hakunikemea. Alikaa kwenye kigoda akisugua mikono yake yenye utomvu wa chai, kisha akasema polepole, "Kwa hiyo ni sisi tulioyala macho yake." Nikamwambia hapana, nikamwomba msamaha kwa zile jumbe tano za kuomba nimpigie. Akapungia mkono. Alitaka kitu kimoja tu: Tata asijue kamwe.

Nilifunga ile namba, nikazima simu, nikaitia mfukoni ili dukani niiondolee kabisa huduma hiyo. Jumatatu alfajiri, kabla sijaondoka, Tata alikuwa ameshakaa mahali pake, ameinua uso.

"Mama Sheila, leo neno halijaingia?"

"Limeingia," Mama akasema. Akaitoa Biblia magotini pa Tata, akaifungua, akasoma kwa kujikwaa kama mtoto wa darasa la tatu. Tata aliinamisha kichwa mpaka mwisho.

"Amina," akasema. "Umewajibu?"

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, baridi.

"Nimewajibu," Mama akasema.