Chai Tuliyoikataa Karatu

Mtu aliyeamua kwamba mhubiri wa Karatu avae shati jeupe hajawahi kufua Karatu. Nasema hivyo na siombi radhi. Udongo wa huku ni mwekundu, ukikauka unaruka, ukilowa unanata, na magari ya watalii yanayopanda kwenda Ngorongoro yalikuwa yanautimua mpaka kwenye kamba yangu ya nguo. Mume wangu alikuwa na mashati meupe mawili. Sabuni dukani ilikuwa hadithi, miaka ile ya foleni, kwa hiyo nilifua kwa maji ya majivu, mtoto mgongoni, nikiimba pambio kwa sauti ya mtu anayegombana na mtu. Jirani yangu aliniambia baadaye alidhani kwetu ndivyo watu wanavyoomba mvua.

Kwetu ni ng'ambo ya mpaka, Kenya ya magharibi, kwenye migomba. Nilimaliza kidato cha nne, nikaitwa kuhubiri kabla sijaolewa, nikahubiri, nikaolewa na mhubiri mwenzangu, na mpaka ulipofunguliwa tukatumwa Tanzania sote wawili. Sote wawili. Narudia kwa sababu makao makuu walikuwa wakitutaja kama "mwinjilisti na familia." Mimi niliyewekewa mikono kichwani siku moja na yeye, tumepiga magoti kwenye mkeka mmoja, nilikuwa nimegeuka familia kwa kosa la kuzaa.

Kanisa letu lilikuwa dogo, la watu wanaotembea wawili wawili, nyumba kwa nyumba, na masharti yake yalikuwa magumu: hakuna pombe, hakuna tumbaku, hakuna kahawa, hakuna chai. Sasa watu wa namna hiyo wakatumwa wapi? Karatu, ambako ukitazama upande wa Oldeani unaona mashamba ya kahawa, na ambako mgeni hajakaa sawasawa kwenye kigoda kabla sufuria haijabandikwa. Kwenye mafunzo walitufundisha sentensi moja ya kutumia, na tabasamu lake: "Asante, sisi hatutumii." Basi. Hakuna aliyetuambia sentensi hiyo inafanya nini ikishatoka mdomoni.

Lakini nilipapenda. Siwezi kusema uongo. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka msitu wa kreta ukakaa juu ya mahindi kama maziwa yaliyomwagika, na baridi ilikuwa inauma masikio. Tulikunywa uji, tukasali, tukatoka. Wiki za kwanza tulibisha hodi kwenye nyumba tupu mpaka tukachoka. Mbwa ndio waliotusikiliza. Mimi nikasema, watu wako shambani, tuwafuate shambani. Mume wangu akauliza tutahubirije shambani na shati jeupe. Nikamwambia lishike hilo shati mkononi, shika jembe kwa mkono mwingine. Tukaanza kulima palizi za watu huku tukizungumza nao, mtoto amelala chini ya kivuli cha mahindi, na nikajifunza kusalimia kwa Kiiraqw, lugha ya pale, vibaya sana hivi kwamba watu waliniita nirudie ili wacheke tena. Nilirudia. Nimecheka kwenye mashamba ya Karatu kuliko nilivyocheka shuleni miaka yote minne.

Tatizo lilikuwa nyumbani kwa watu.

Nyumba ya kwanza tuliyokaribishwa ilikuwa ya jirani yetu wa chini, mama mmoja mjane mwenye wana wakubwa na mdomo mkali kuliko wangu. Alitukalisha, akabandika maziwa na majani. Kisha akainua mkono mpaka kwenye paa, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akafungua. Sukari. Miaka ile! Ilikuwa yote aliyokuwa nayo, unaiona kabisa, na aliimimina yote kwenye vikombe viwili, akakikung'uta kitambaa. Harufu yake ilinijaza mate. Akatukabidhi vikombe kwa mikono miwili.

Mume wangu akatabasamu lile tabasamu. "Asante, sisi hatutumii."

Yule mama alitazama kikombe. Akatutazama sisi. Alikunywa kikombe cha kwanza akiwa amesimama, polepole, macho kwetu, akakiweka chini, akanywa na cha pili. Kisha akafungua mlango ukawa wazi kabisa, tukaelewa.

Kuanzia hapo habari ilikwenda kilima kizima: wageni wa dini ya mashati wanaogopa tutawawekea kitu. Na sikuwalaumu, kwa sababu hata kwetu, ukikataa chakula cha mtu umemwambia yeye ni mchawi. Shambani walinisalimia vizuri. Nyumbani, milango ilikuwa na kazi nyingine: kufungwa.

Ndipo mwangalizi wetu akaja kutoka makao makuu kutukagua. Tulikuwa tunaishi kwenye nyumba ya fito yenye bati juu na upepo katikati, maana haikuwa imekandikwa. Ukisimama nje unaona nani ndani anachana nywele. Mtoto alikuwa anakohoa. Mwangalizi alimsikiliza, akatikisa kichwa, akamwambia mume wangu, juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni meza:

"Nikirudi nikakuta nyumba bado iko hivi, familia itarudi Kenya mpaka mtoto akue. Wewe utabaki na kazi."

Kazi ya nani? Nilitaka kumuuliza. Nilinyamaza kwa sababu mume wangu alinikanyaga mguu.

Usiku ule nililia kwa hasira. Sikuhofia kwenda kwetu, kwetu ni kuzuri. Nilihofia kung'olewa. Mtoto angekuwa wa kumtambua baba yake kwa picha, na mimi ningekuwa mke wa mhubiri fulani aliyeko mbali. Na juu ya hayo, mume wangu alikuwa amepangiwa safari ya vijiji vya mbali, Sale na Digodigo, na mwinjilisti mwenzake kutoka Arusha, lori mpaka Wasso, baadaye miguu. Akataka kuivunja.

"Nenda," nikamwambia. "Ukibaki tutakandika wawili. Ukienda nitakandika kwa hasira, na hasira yangu ina mikono sita."

Akaenda.

Nilikuwa nimeona namna ya watu wa pale. Mtu akiwa na kazi kubwa anaita majirani kwa siku moja, wanakuja wote, na mwenye kazi anawaandalia pombe. Hakuna ujira mwingine. Nikashuka kwa yule mama. Alikuwa anapepeta maharage na hakuacha kupepeta.

"Mama, shikamoo. Nataka kuita watu wanisaidie kukandika."

"Marahaba. Pombe ipo?"

"Hakuna pombe."

"Chai?"

"Hakuna chai."

"Kahawa?"

"Mama, unajua kwamba hakuna."

"Basi kandika na malaika wako."

Nikageuka niondoke. Mtoto mgongoni akakohoa, kile kikohozi kirefu kama cha mzee. Ungo ukanyamaza nyuma yangu.

"Siku gani?" akauliza.

"Jumatano."

"Hm."

Jumatano walikuja. Nilikuwa nimeamka na giza, nimepika makande ya kujaza sufuria kubwa na uji wa ulezi wenye maziwa, na nilikuwa nimejiandaa kukaa navyo peke yangu. Wakatokea kwenye ukungu, wanawake kwa wanaume, na madebe ya maji na samadi mbichi ya ng'ombe. Yule mama alikuwa mbele.

"Tumekuja kwa ajili ya huyo anayekohoa," akanitangazia. "Siyo kwa ajili yako."

"Nimesikia, mama."

"Mlete hapa. Huwezi kukanyaga udongo na mtoto mgongoni, utamtikisa akili."

Akamchukua. Na kazi ikaanza. Sijui kama umewahi kukanyaga udongo na watu ishirini wanaotaniana. Wanaume walikanyaga wakiimba, sisi tukabeba na kupiga udongo kwenye fito, paa, paa, mpaka mikono inawaka. Walinicheka nilivyorusha. Mmoja akasema nyumba itadhani inachapwa. Nikamwambia basi isimame vizuri. Kufikia mchana kuta tatu zilikuwa zimesimama, nyekundu na zinang'aa, na nilikuwa na udongo mpaka kwenye kope, nina furaha ya kijinga.

Nikanawa, nikaleta chakula. Nikaanza na yule mama, kama heshima inavyotaka. Nikampa bakuli la uji kwa mikono miwili.

Akalitazama. Kisha akatabasamu, na Mungu ni shahidi yangu, lilikuwa tabasamu la mume wangu, lile lile, la mafunzo.

"Asante," akasema. "Sisi hatutumii."

Nikaenda kwa wa pili. "Asante, sisi hatutumii." Wa tatu, mwanamume mzima mwenye jasho, ananuka njaa: "Asante, sisi hatutumii." Walikuwa wamepanga! Wamekaa mstari mzima kwenye nyasi, wanatabasamu kama kwaya.

Hapo ndipo niliacha kuwa mhubiri mwenye adabu.

"Mtakula!" nikapiga kelele. "Nimeamka na giza kwa ajili ya hiki chakula, mtakula! Na wewe mama, chai yako niliitamani. Unasikia? Niliitamani nikaiota! Ile sukari niliinusa mpaka kwangu. Sikukataa mkono wako. Nilikatazwa chai kabla sijakujua, na aliyenikataza hata Karatu haijui. Ningekuwa naogopa mkono wako, huyo mtoto angekuwa hapo? Tangu asubuhi umembeba, nimekuuliza unampa nini? Mtazameni mdomo!"

Wote wakageuka kumtazama mtoto. Alikuwa amekaa kwenye paja la yule mama na masharubu meupe ya maziwa kutoka kwenye kibuyu chake, ameshiba, anatushangaa. Akapiga mbweu.

Halafu yule mama akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka kilemba kikaanguka.

"Kumbe unaongea!" akasema. "Sisi tulidhani mmeletwa na sentensi moja tu!"

Akanyakua bakuli mkononi mwangu, akanywa, akafuta mdomo, akawapigia wengine kelele wale kabla hakijapoa. Walikula mpaka sufuria ikakwanguliwa. Katikati ya kula akanihoji mbele ya wote, kama hakimu.

"Maziwa unatumia?"

"Natumia."

"Tangawizi?"

"Natumia."

"Sukari?"

"Mama, sukari natumia sana."

"Kwa hiyo tatizo lilikuwa majani? Majani tu? Umeninyima usingizi miezi yote hii kwa ajili ya majani!"

Mvua ikatukimbiza jioni kabla ya ukuta wa nyuma. Lakini kesho yake, nyumba ya kwanza niliyobisha hodi, mlango ulifunguka na nikaona sufuria tayari: maziwa na tangawizi. Nyumba ya pili vilevile. Habari ilikuwa imekwenda kilima kizima kwa mara ya pili. Ndani ya majuma machache nilikuwa nimenenepa, na watu walikuwa wananiuliza wenyewe hilo neno nililokuja nalo ni lipi hasa.

Mwangalizi na mume wangu walifika siku ileile. Mume wangu alitoka Digodigo amekonda, anang'aa kwa furaha, na mfuko wa viazi vitamu begani. Mwangalizi aliizunguka nyumba, akagusa ukuta wa mbele, akampa mume wangu mkono.

"Umefanya kazi nzuri, mwinjilisti."

"Mimi nilikuwa Digodigo," mume wangu akasema. Kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Muulize mwinjilisti huyu hapa." Akaninyooshea kidole.

Mwangalizi akakohoa kidogo, akaenda nyuma. Tukamsikia akisema, "Lakini huku bado. Mvua ikipiga upande huu, mtoto... Nilisema familia—"

"Huo tumekuachia wewe." Yule mama alikuwa ameshapanda kutoka kwake, na debe la udongo kichwani. Alilitua miguuni pa mwangalizi. "Hapa mgeni akija na maneno, anakuja na mikono pia. Karibu."

"Mama, nina shati jeupe," mwangalizi akasema.

"Livue."

"Nitakufulia," nikamwambia. "Kwa majivu."

Akanitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Kisha akalegeza tai, akavua shati, akabaki na fulana, akakunja suruali. Mume wangu akaingia naye kwenye udongo. Mwangalizi alirusha udongo kama mtu anayewalisha kuku, nusu ukarudi ukampiga kifuani, na majirani waliokuja kutazama walikaa chini kwa kucheka. Yeye mwenyewe akaanza kucheka. Sikujua kama anaweza.

Walipomaliza, yule mama akamletea mwangalizi kikombe cha maziwa na tangawizi kinachofuka moshi. "Unatumia?" akamuuliza, jicho moja kwangu.

Alikunywa viwili. Mtoto alikuwa anatambaa miguuni pake, naye mwangalizi akamsikiliza kwa muda mrefu, sikio limeinama, akingoja kikohozi. Hakikuja.

"Mwaka huu mtapanda nini hapa?" akaniuliza mimi.

"Maharage," nikasema.

"Nitakuja kuyala."

Ndivyo nilivyojua kwamba hatung'oki. Ukuta wa mwangalizi ndio mbaya kuliko zote. Kila kiangazi unapasuka, kila kiangazi naukandika upya huku nikigomba kwa sauti, na jirani akinisikia anajua ni wakati wa kubandika maziwa.