Nilimfanya Mama Aonekane Mwongo Kwenye Matanga ya Baba

Mimi ni mtu mbaya. Msinitafutie maneno matamu, hayo ninayo mengi, na ndiyo niliyomuumiza nayo mama aliyenizaa.

Babu yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli hapa Nakuru. Baba akazaliwa hapa, akafanya kazi kiwandani hapa, akazeekea hapa. Alipokufa, ndugu zake walitaka azikwe kwao magharibi kama ilivyo desturi. Mama akakataa. Alisema baba alimwambia anataka kuzikwa hapa hapa Nakuru, mahali ambapo mama na magoti yake mabovu angeweza kumtembelea.

Ndugu za baba wakanichagua mimi niwasemee, maana kwetu mimi ndiye mwenye mdomo. Na nilifurahi, mjinga mimi! Nilitaka wanione nimeshika nafasi ya baba.

Kwenye kikao cha kupanga mazishi nilisimama mbele ya watu wote nikamuuliza mama, kwa upole wa kinafiki, kama baba alikuwa mtu wa utani. Akasema ndiyo, nani asiyejua. Nikamuuliza kama baba alicheka siku aliyomwambia hayo. Akasita, akasema alicheka kidogo.

"Sasa mama," nikasema, "mtu wa utani akisema kitu akicheka, wewe ulijuaje si utani?"

Watu wakaangua kicheko. Wengine wakapiga makofi, kwenye matanga! Mama akaketi, nami nikarudi kwenye kiti changu nikitabasamu. Maneno yakaishia hapo na baba tukampeleka magharibi.

Na nilikuwa najua! Baba aliniambia mimi pia, tukiwa wawili tu hospitalini, wala hakucheka hata kidogo.

Dada yangu anafundisha chuoni kule Njoro. Baada ya mazishi aliniuliza kama najua jina la kile nilichofanya. Akaniambia kinaitwa usofisti, yaani hoja inayoonekana sawa lakini imetengenezwa ili kupotosha. Alisema neno lenyewe lilianzia Ugiriki ya kale, kwenye neno lenye maana ya hekima. Kulikuwa na walimu walioitwa wasofisti waliolipwa kufundisha watu kushinda mabishano, na wengine wao hawakujali ukweli uko upande gani. Jina la heshima likageuka tusi.

"Hao angalau walikuwa wanalipwa," akasema. "Wewe ulilipwa nini?"

Nilimchukia kwa swali hilo, kwa sababu jibu ni yale makofi.

Nikaenda kwa mama kumwambia ukweli, nikidhani atalia kisha anisamehe. Nilimkuta sebuleni na mchungaji wa kanisa lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia mchungaji.

"Pasta, nikifa mnizike hapa Nakuru. Na huyu asipewe nafasi ya kuongea."

Nikaanza kujitetea, kwamba ndugu za baba walinisukuma, kwamba desturi ni desturi.

"Umeona?" akamwambia pasta. "Ameanza tena."

Tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Nyinyi mnaosifiwa kwa mdomo, na nyinyi mnaowapigia makofi, mjichunge! Ukimwona mama yako ameketi kimya mbele ya watu, usirudi kwenye kiti chako ukitabasamu kama mimi. Simama useme unachojua, hapo hapo, kabla jeneza halijapandishwa garini.