Nyumba Nyuma ya Kiwanja Namba Ishirini na Tatu

Jumanne, tarehe 19 Agosti. Asubuhi mawingu mazito, lakini mvua haikunyesha. Kuanzia saa nne jua kali, na upepo wa vumbi uliotufanya tufunge madirisha ya upande wa barabara.

Mama Rula aliingia ofisini saa moja na nusu kama kawaida yake. Alifuta meza kwa kitambaa cha kijani, akatoa rula ya chuma mkobani na kuilaza upande wake wa kulia. Namba za mwanzo za rula ile zimefutika, moja hadi tatu, lakini yeye huzijua kwa kidole. Hana mtoto. Jina hilo alipewa na mchoraji ramani wetu, aliyesema mbele ya watu kwamba kila mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na wa huyu ndiye huyo hapo mezani, halii wala haombi ada. Watu walicheka. Naye alicheka, kidogo, na jina likaganda. Sasa ni miaka kumi na tisa, na sidhani kama wamebaki watatu pale ofisini wanaolijua jina lake la kwenye cheti.

Kazi yake ni kukagua maombi ya watu wanaotaka kubadilisha matumizi ya ardhi: shamba liwe makazi, makazi yawe maduka. Husoma barua, hupima mchoro, huenda kuiona ardhi yenyewe, kisha huandika maoni yake kwenye karatasi ya njano ambayo kamati huisoma Ijumaa. Kwa miaka yote hiyo hakuna jalada lake hata moja lililoonekana na kosa. Wenzake mezani pa chai walisifia wajukuu na nyumba walizomaliza kupaua. Yeye alikuwa na hilo, ingawa hakulisema.

Jalada la siku ile lilikuwa la ekari kumi na mbili za mahindi, mali ya ndugu watatu waliorithi kwa baba yao na kutaka kukata viwanja arobaini vya nyumba. Hati ilikuwepo. Mchoro ulikuwepo. Tangazo lilisimama barabarani siku kumi na nne na hakuna aliyeleta pingamizi. Karatasi ya ukaguzi nayo ilikuwepo, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Nimefika. Nimezunguka mipaka yote. Hakuna njia wala jengo litakaloathirika." Ilibaki sahihi ya mwisho.

Hata hivyo alipitisha rula juu ya kila kiwanja, kimoja kimoja. Alipofika namba ishirini na tatu, rula ilisimama. Nje kidogo ya mpaka palikuwa na kijumba kilichochorwa kwa wino, kidogo kama punje ya mchele.

"Hii nyumba," alimuuliza mchoraji ramani, "mwenyewe anatokea wapi?"

Mchoraji aliinama, akatazama. "Iko nje ya mpaka. Haituhusu."

"Sijauliza kama inatuhusu. Nyuma yake korongo. Kushoto ukuta wa ghala. Mbele na kulia viwanja. Anatokea wapi?"

"Labda ana mabawa, Mama Rula."

"Basi ungechora kiota."

Tulicheka. Kicheko kilimtoa mkuu wetu chumbani kwake.

"Mama, jalada hilo nalitaka kesho asubuhi. Wale ndugu wamenipigia simu mpaka sikio limepata moto. Umekagua mwenyewe, umeandika mwenyewe. Unatafuta nini tena?"

"Njia."

"Ya nani?"

"Ndiyo sijui, bosi."

Saa ya chakula hakula. Alichukua mwavuli wake akaondoka. Yaliyotokea huko, na ya jioni nyumbani kwake, alinisimulia mwenyewe, kwa kuwa meza yangu ya majalada inatazamana na yake.

Alikuta mahindi yameshavunwa na mabua yamelazwa. Mwezi wa Mei, alipokwenda kukagua, yalikuwa yamempita kimo, na alifanya tunavyofanya sote: alifuata mipaka, kutoka jiwe hadi jiwe. Katikati hatuingii, tutakanyaga mazao ya watu. Sasa shamba lilikuwa wazi, na katikati yake palipita njia nyeupe, ngumu kama sakafu, pana kiasi cha mtu mmoja na mzigo wake. Ilitoka barabarani ikaenda moja kwa moja hadi kwenye kile kijumba. Aliifuata akihesabu. Hatua mia mbili na kumi na nne, zikikata viwanja ishirini na mbili na ishirini na tatu tumboni.

Mlangoni alisikia cherehani.

"Hodi."

Mashine ilinyamaza. "Nani huyo?"

"Mtu wa ofisi ya ardhi."

"Karibu, mtu wa ofisi. Kaa hapo. Usikalie hiyo sketi, ina pini, itakukagua wewe."

Alikuwa mama mtu mzima, mjane, fundi wa sare za shule. Sketi za buluu zilining'inia ukutani zimepangwa kwa ukubwa. Mama Rula alimuuliza kama aliliona tangazo barabarani.

"Lile bango? Mgongo wake nimeuona. Linatazama magari. Mimi natokea nyuma yake, na nikirudi nina mzigo kichwani. Linasemaje?"

Alimwambia. Fundi aliuzungusha utepe wake wa kupimia kwenye vidole, akaufungua, akauzungusha tena.

"Na njia yangu?"

"Kwenye mchoro haipo."

"Haipo! Naipita mwaka wa thelathini na moja huu. Marehemu baba watoto alitolewa kwa njia hiyo hiyo, na waliombeba walikuwa wanne. Nani kasema haipo?"

Mama Rula angeweza kujibu kwamba ni ofisi. Ofisi haina uso, hubeba mengi.

"Mimi," alisema. "Niliandika mimi. Mahindi yalikuwa marefu, na sikuingia."

Fundi alionyesha sketi za ukutani. "Wateja wangu ni watoto wa shule na mama zao. Nani ataruka ukuta kuja kupimwa sketi?" Akashusha sauti. "Chakula wanangu watanitumia, dada. Kutuma wanajua. Lakini nikizibiwa hapo, nani atanipigia hodi? Tangu Jumamosi wewe ndiye wa kwanza."

Nyumbani kwa Mama Rula hodi ya mwisho ilikuwa ya msoma mita ya maji, naye hata hodi hasemi, hugonga geti kwa kalamu.

Alipoinuka kuaga, fundi alimshika gauni. "Pindo limeachia. Utatembeaje mjini hivi na umekuja kwa fundi? Simama wima, usitikisike." Akapiga magoti na kulishona pale pale, uzi ukipita karibu na mguu. Mama Rula alisimama akitazama sketi za ukutani. Aliniambia tu kwamba ni zamani tangu mtu amtengenezee nguo akiwa ameivaa. Mama yake alizikwa miaka sita iliyopita.

Jioni alirudi kwenye vyumba vyake viwili. Kimoja kilikuwa cha mama yake na hakifunguliwi isipokuwa kufagiwa. Aliwasha redio kabla ya kuvua viatu, kama siku zote, kisha akaweka karatasi ya njano mezani na kumpigia simu mdogo wake wa kike, akamweleza yote.

"Si usaini tu, dada? Nyumba moja mbele ya viwanja arobaini! Nani atajua?"

"Nikinyamaza, hakuna."

"Sasa?"

"Akizibiwa, nitajua mimi. Na nikiandika, nitajulikana mimi. Miaka kumi na tisa, mdogo wangu, sijawahi kuandika kwamba nimekosea."

"Subiri kidogo, watoto wananiita. Nakupigia sasa hivi."

Hakupiga. Mama Rula alikaa na simu mapajani mpaka taarifa ya habari ikaisha, akaiweka kando.

Jumatano asubuhi, mawingu tena, alifika saa moja na nusu. Alifuta meza, akalaza rula, akaandika bila kuinua kichwa: "Ukaguzi wangu wa Mei ulikuwa na kosa. Sikuingia katikati ya shamba. Ipo njia ya miguu, hatua 214, na nyumba moja isiyo na njia nyingine. Mchoro urudiwe na njia iachwe wazi. Tangazo libandikwe upya." Alisaini jina lake kamili, lile la kwenye cheti.

Mkuu alisoma mara mbili. "Unajua hili ndilo jalada lako la kwanza kurudi?"

"Najua. Nimelirudisha mwenyewe."

"Wale ndugu watakuja kunila mbichi."

"Njia ikiachwa wanapoteza viwanja viwili, bosi. Thelathini na nane vinabaki."

"Leo mtoto wako kateleza, Mama Rula," mchoraji ramani alisema toka pembeni. Safari hii hakuna aliyecheka, na hata yeye alirudi upesi kwenye kazi yake.

Mkuu aliitupa karatasi mezani. "Haya. Tangazo kalibandike mwenyewe basi."

Nilimgongea mhuri kwenye tangazo jipya. Aliazima nyundo ya mlinzi, akaitia mkobani pamoja na misumari minne. Rula aliiacha mezani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alipita barabarani bila kulitazama bango la zamani, akafuata ile njia hadi mwisho, na kabla ya kugonga msumari wa kwanza akasimama mlangoni kwa fundi, akapiga hodi.