Zizi Tupu la Shangazi

Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kurudi Ngulyati na diploma ya kilimo, na ada nilijilipia mwenyewe kwa kuchuma pamba za watu. Miaka ile ya soko huria ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa, na mashamba yalikuwa yamechoka. Shirika lililoniajiri likaleta mitamba ya maziwa, ili samadi irudishe rutuba. Sharti lilikuwa moja: mtamba apewe asiye na ng'ombe. Kuwatambua watu hao ilikuwa kazi yangu, na sikuhitaji msaidizi.

Kwa shangazi yangu, mjane, nilikuta ng'ombe saba zizini.

"Si wangu," alisema. "Ni wa yule mzee wa ng'ambo ya mto. Nawatunza tu. Akiwataka kesho, anawaswaga. Mimi nataka mmoja wa kwangu, nimpe jina mwenyewe."

"Shangazi, nina diploma. Ng'ombe ninawaona."

"Hiyo diploma haikukufundisha kuuliza?"

Nikalikata jina lake. Ng'ambo ya mto nilikuta zizi limeota majani, na mzee mwenyewe amekaa kwenye kigoda, shati limetatuka. Nikamwandika wa kwanza. Kumbe ng'ombe wake aliwasambaza kwa marafiki wa vijiji vitatu, kama wazee wetu walivyofanya siku zote, wasije wakafa wote kwa ugonjwa mmoja. Mzee alimpokea mtamba kwa mikono miwili, na jioni akampeleka kwa shangazi atunzwe.

"Mwanangu," shangazi aliniambia, "umeniongezea kazi."

Mwaka uliofuata wageni wa shirika wakaja kumkagua mtamba. Asubuhi hiyo mzee akaenda kumchukua. Mtamba akagoma kutembea peke yake, ikabidi waswagwe wote wanane. Wageni wakakuta zizi la mzee limejaa.

"Mmoja amekuwa wanane!" wakapiga makofi. Wakampiga picha mzee, wakanipa mkono mimi. Sikuona sababu ya kuwakatiza.

Nilichofanya baada ya hapo kilihitaji msomi. Nilipanda baiskeli na fomu yangu, nikavuka mto kabla ng'ombe hawajarudishwa. Zizi la shangazi lilikuwa tupu kabisa. Nikaandika: hana ng'ombe. Nikagonga muhuri palepale.

Mtamba wake alifika kabla ya mvua. Shangazi alimpa jina la Diploma. Majirani walipomuuliza kwa nini, alisema, "Huyu angalau atatoa maziwa."

Mimi nililipokea kama sifa.