Mzee Aliyelamba Betri

Ukitaka kucheka, cheka, lakini hili lilinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye gereji yetu ya pikipiki za umeme pale Kabasa, Bunda.

Mgeta, fundi mwenzangu, alikuwa ameenda kula. Akaja mzee mmoja anasukuma pikipiki, amevaa shati jeupe, safi. Akasema ametoka Bukima, betri yake inanuka. Kweli ilikuwa imevimba kama mzoga. Nikavaa glavu za mpira, nikachomoa waya, nikaibeba mpaka nje kwenye mchanga, mbali na ukuta. Betri ya hivyo hatuifunguagi. Inaweza kushika moto. Nikapima: umeme bado umejaa.

Pembeni ilikuwa inavuja ute wa njano, harufu yake tamutamu kama kitu kilichooza. Nikaenda kuchukua ndoo ya mchanga. Niliporudi, mzee amepiga magoti, anaulamba.

Niamini. Ulimi unatoka na kurudi taratibu, kama mtu anayemalizia mchuzi kwenye sahani.

Nikamwambia, "Baba, acha, hiyo ni sumu."

Badala yake akashika ncha zote mbili za betri kwa mikono iliyolowa mate. Hakushtuka. Alipoachia, ngozi ya viganja ilibaki imenata pale, kama ngozi ya sangara kwenye kikaango. Chini yake hakuna damu. Ni ute uleule.

"Mimi ilishanimaliza, mwanangu," akasema. "Usimrudishie mke wangu."

Nikatapika. Nilipoinua kichwa, hayupo. Wewe ungefanyaje?

Mgeta aliporudi alidhani nina homa. Tukakuta namba ya simu chini ya siti, tukapiga, akapokea mama mmoja wa Bukima. Akasema mumewe alikufa akifungua betri hiyo kwa mikono yenye maji, na walipomvuta, ngozi ya viganja ilibaki. Pikipiki ameifungia stoo. Akaenda kuangalia, tunamsikia anatembea. Kufuli lipo. Pikipiki haipo.

Tulimpelekea pikipiki bila betri. Mimi mpaka leo samaki mwenye ngozi simgusi.

Sasa nisikilize. Betri yako ikivimba, usiichaji, usilale nayo ndani, usiifungue mwenyewe. Mwite fundi mwenye glavu. Ukiniita mimi, simama mbali, unionyeshe kwanza viganja vyako.